Mali Bila Daftari: Offa wa Mercia na Ushindi Usioandikwa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mfanyabiashara anayekopesha bila kuandika. Lakini ikitafakariwa kwa kina, itabainika kwamba inawagusa wafalme jinsi inavyowagusa wenye maduka. Himaya nayo ni mali. Huchumwa kwa jasho, na mara nyingi kwa damu, huwekewa walinzi, hurithishwa wana. Mtawala asiyeiwekea daftari lake mwenyewe huwaachia majirani kazi ya kumhesabia, na hesabu ya jirani haikosi upungufu.

Katika historia ya Waanglo-Saksoni ni vigumu kumpata mfalme anayeithibitisha methali hii kuliko Offa wa Mercia, aliyetawala tangu mwaka wa 757 hadi 796. Kwa miaka 39 mtawala huyu aliwaangusha wafalme, akawageuza wengine kuwa watumishi wake, akajenga boma la udongo ambalo masalio yake yanaonekana hadi leo, akafua sarafu zilizosifika, na akaandikiana barua na Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, kama mtu na nduguye. Pamoja na hayo yote, jina linalotajwa kwanza pindi wafalme wa Waanglo-Saksoni wanapotajwa ni la Alfred wa Wessex, aliyeanza kutawala miaka 75 baada ya kifo cha Offa, na ambaye kwa kipindi kirefu alipigana tu ili asifukuzwe katika nchi yake. Alfred huitwa Mkuu. Offa hukumbukwa kwa handaki.

Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo haina asili yake katika uwanja wa vita. Asili yake ni kalamu: nani aliandika, kwa lugha gani, na maandishi hayo yalisambazwa namna gani. Dai hili lina uzito wa pekee kwa wasomi wa Kiswahili, ambao kazi yao ya kila siku ni kuzitafiti habari zilizohifadhiwa katika lugha ya watu, na kujiuliza ni habari gani hazikuhifadhiwa.

Mercia kabla ya Offa

Inafaa ieleweke kwanza kwamba katika karne ya 8 hapakuwa na nchi moja iliyoitwa Uingereza. Palikuwa na falme kadhaa za watu ambao wazee wao walivuka bahari kutoka pwani za kaskazini za Ujerumani na Denmark ya leo tangu karne ya 5. Kati ya falme hizo, zilizotajika zaidi ni Northumbria upande wa kaskazini, East Anglia upande wa mashariki, Essex, Kent na Sussex katika kusini mashariki, Wessex upande wa kusini, na Mercia katikati. Magharibi waliishi watu wa Wales, wenyeji wa kale wa kisiwa hicho, wenye lugha na wafalme wao.

Mercia ilikwisha kuwa na nguvu kabla ya Offa. Mtangulizi wake, Æthelbald, alitawala kwa miaka 41, na mtawa Bede, aliyeikamilisha historia yake ya kanisa mwaka wa 731, alishuhudia kwamba majimbo yote ya kusini mwa mto Humber yalikuwa chini ya mfalme huyo. Lakini mwaka wa 757 Æthelbald aliuawa usiku na walinzi wake mwenyewe huko Seckington. Kiti kikatwaliwa na Beornred, naye hakudumu. Kabla ya mwaka kwisha, Offa alikuwa amemfukuza. Kwa hivyo Offa hakurithi himaya iliyotulia. Alirithi jina la himaya, na ilimbidi aijenge upya kipande kwa kipande.

Upanga wa Offa

Ushindi wa Offa ulianzia kusini mashariki. Kufikia mwaka wa 764 alikuwa tayari akitoa na kuthibitisha hati za ardhi katika Kent, jambo ambalo ni haki ya mwenye nchi. Mwaka wa 771 aliwashinda watu wa Hastings, katika eneo la Sussex. Mwaka wa 779 alipambana na Cynewulf, mfalme wa Wessex, mahali palipoitwa Bensington karibu na mto Thames, akautwaa mji huo. Dhidi ya watu wa Wales alipeleka majeshi mara kwa mara, hususan miaka ya 778 na 784.

Hata hivyo, hakushinda daima. Mwaka wa 776 majeshi ya Mercia na ya Kent yalikutana Otford. Kwa kuwa wafalme wa Kent waliendelea kugawa ardhi kwa majina yao wenyewe kwa miaka kadhaa baada ya vita hivyo, wanahistoria wengi hukata kauli kwamba Offa alishindwa siku hiyo. Alirudi karibu na mwaka wa 785, na safari hii hakuacha mfalme yeyote katika Kent. Alifikia hata hatua ya kufuta zawadi ya ardhi iliyokwisha kutolewa na mfalme Ecgberht wa Kent, kwa hoja kwamba mtumishi hana idhini ya kugawa ardhi ya bwana wake bila bwana kushuhudia. Hoja hiyo ndiyo inayofichua nia yake. Machoni pa Offa, Ecgberht hakuwa mfalme aliyeshindwa; alikuwa mtumishi aliyejisahau.

Mwanafunzi wa lugha atavutiwa na jinsi ushindi huu unavyosomeka katika vyeo. Hati za karne hiyo ziliandikwa kwa Kilatini, na ndani yake watawala wa Sussex wanaanza wakiitwa wafalme, kisha baada ya Offa kuingia wanaitwa kwa cheo cha dux, ambacho Mswahili angekieleza kuwa jemadari au liwali. Watawala wa Hwicce, jirani wa Mercia upande wa kusini magharibi, nao waliteremshwa vivyo hivyo: kutoka ufalme, wakawa wafalme wadogo walio chini ya mkubwa, mwisho wakawa maliwali. Nchi ilitwaliwa bila kelele, neno moja likifutwa na jingine kuandikwa mahali pake.

Pale ambapo upanga haukutosha, Offa alitumia ndoa. Binti yake Eadburh aliozwa kwa Beorhtric wa Wessex mwaka wa 789, na bintiye mwingine, Ælfflæd, akaozwa kwa Æthelred wa Northumbria mwaka wa 792. Na pale ambapo kanisa lilimpinga, alilipasua. Askofu mkuu wa Canterbury, mji ulio Kent, hakuwa rafiki yake. Mwaka wa 787, katika sinodi iliyojaa mabishano huko Chelsea, Lichfield, iliyokuwa katikati ya Mercia, ilipandishwa kuwa makao ya askofu mkuu wa pili. Mwaka huo huo Ecgfrith, mwanawe Offa, alitawazwa kuwa mfalme ilhali baba yake yu hai. Ni dhahiri kwamba mzee alikuwa akiuandalia urithi mlango usiofungika.

Katika nia hiyo hiyo damu nyingi ilimwagika. Mwaka wa 794 Offa aliamuru mfalme Æthelberht wa East Anglia akatwe kichwa. Alcuin, mwanachuoni mzaliwa wa Northumbria aliyekuwa katika baraza la Charlemagne, alikuja kuandika barua akieleza kwamba mwana alifariki mapema kwa sababu ya damu ambayo baba alimwaga ili kuuimarisha ufalme wake. Na kweli, Offa alipofariki mnamo Julai 796, Ecgfrith alitawala kwa siku 141 tu, naye akafa. Mlango ulioandaliwa kwa miaka mingi haukupitiwa na mtu.

Boma na sarafu

Vitu viwili vilivyobaki vya Offa havina ulimi, lakini vinasema mengi. Cha kwanza ni boma lililojengwa kati ya Mercia na Wales, ambalo Waingereza hadi leo huliita kwa jina lake. Ni tuta refu la udongo lenye handaki upande wa Wales, na sehemu zilizosalia zina urefu wa takribani kilomita 130. Watu walioweza kuchimba na kuinua udongo kiasi hicho kwa majembe na vikapu walikuwa maelfu, nao waliitikia amri ya mtu mmoja. Pamoja na ukubwa huo wote, hakuna hati hata moja ya enzi ya Offa inayolitaja boma hilo. Anayelihusisha na Offa kwa maandishi kwa mara ya kwanza ni Asser, askofu mzaliwa wa Wales, karibu na mwaka wa 893, yaani miaka 97 baada ya Offa kufariki. Tena Asser alilitaja kwa kupitia tu, kwani kitabu chake kilimhusu Alfred.

Cha pili ni sarafu. Offa alieneza peni ya fedha, pana na nyembamba, yenye jina la mfalme na mara nyingine sura yake. Aina hiyo ya sarafu ilibaki kuwa msingi wa fedha za Uingereza kwa takribani miaka 500. Hata mkewe, Cynethryth, alifuliwa sarafu zenye jina lake, heshima ambayo haijulikani kupewa malkia mwingine yeyote wa Waanglo-Saksoni.

Ipo hata hivyo sarafu moja ya dhahabu, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza jijini London, ambayo msomi wa Kiswahili hawezi kuipita bila kusimama. Imeigwa kutoka dinari ya khalifa al-Mansur wa Baghdad iliyofuliwa mwaka wa 157 Hijria, yaani mwaka wa 773 au 774. Ina shahada ya Kiislamu kwa herufi za Kiarabu, na katikati ya herufi hizo yamepachikwa maneno mawili ya Kilatini, Offa Rex, yaani Mfalme Offa. Maneno hayo yameelekea juu chini yakilinganishwa na yale ya Kiarabu. Herufi zenyewe za Kiarabu zina makosa ambayo mtu aijuaye lugha hiyo asingeyafanya. Ni wazi kwamba mfua dhahabu aliiga umbo la maandishi bila kujua kwamba ni maandishi yanayosomwa, wala yanaanzia wapi.

Wapo waliowahi kukisia kutokana na sarafu hiyo kwamba Offa alisilimu. Dhana hiyo haina mashiko, kwani mfalme huyu ndiye aliyepigania kiti cha askofu mkuu na kumwahidi Papa wa Roma dhahabu ya kila mwaka. Maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kwamba dinari ya Baghdad ilikuwa dhahabu iliyoaminiwa kila mahali, na Offa alitaka dhahabu yake ipokewe kama hiyo. Biashara iliyoieneza sarafu hiyo hadi kaskazini ndiyo iliyozifikia pia pwani za Afrika Mashariki. Katika karne hiyo hiyo ya 8, watu wa Shanga katika kisiwa cha Pate walikwisha kuwa na msikiti mdogo wa miti, na katika magofu ya mji huo wachimbuaji wamepata sarafu ndogo za fedha zenye majina kwa herufi za Kiarabu. Tofauti ni kwamba Shanga herufi hizo zilikuwa na wasomaji wake. Mercia zilikuwa nakshi tu.

Sarafu hiyo ni picha kamili ya hatari inayojadiliwa hapa. Mfalme aliyeweza kuwainua na kuwashusha wafalme wengine alikubali jina lake liandikwe juu chini katikati ya maneno ambayo hakuna aliyeyasoma katika nchi yake. Heshima ya kuazima humpendeza mvaaji, lakini haimsemei.

Aliyeshika kalamu

Je, habari za Offa zimetufikia kupitia kwa nani? Bede alifariki mwaka wa 735, kabla Offa hajatawala. Chanzo kikuu kinachofuata ni Tarikhi ya Waanglo-Saksoni, kitabu cha matukio ya mwaka baada ya mwaka kilichoandikwa kwa Kiingereza cha Kale. Kitabu hicho kilikusanywa katika miaka ya 890, Wessex, katika enzi ya Alfred. Kwa ufupi, habari za simba zimehifadhiwa katika nyumba ya mwindaji.

Athari zake zaonekana waziwazi. Katika ukurasa unaoeleza jinsi Offa alivyopata ufalme, mwandishi anaanza kwa kusimulia kisa kirefu cha ugomvi kati ya wana wawili wa kifalme wa Wessex, Cynewulf na Cyneheard, na askari waliokataa kuwasaliti mabwana wao hadi kufa. Kisa hicho ni kizuri ajabu, na wahakiki hukihesabu miongoni mwa simulizi za kale kabisa za nathari katika Kiingereza. Kinapomalizika, ndipo Offa anapotajwa kwa sentensi chache za mwisho: alitwaa ufalme, akautawala miaka 39, mwanawe akautawala siku 141, kisha orodha ya mababu zake. Miaka 39 ya mfalme mkubwa imekuwa mkia wa hadithi ya watu wengine.

Kuhusu vita vya Otford, Tarikhi hiyo inaeleza kwamba ishara nyekundu ya msalaba ilionekana mbinguni baada ya jua kutua, kwamba watu wa Mercia na wa Kent walipigana, na kwamba nyoka wa ajabu walionekana katika Sussex. Nani alishinda? Haisemi. Nyoka walipata mwandishi; jeshi la Mercia halikumpata.

Mahali pengine kalamu hiyo haikunyamaza, bali ilichoma. Asser anasimulia kwamba Eadburh, binti ya Offa aliyeolewa Wessex, alikuwa dhalimu kama baba yake, akamuua mumewe kwa sumu aliyomwandalia mtu mwingine, akakimbilia ng'ambo, na mwisho akafa akiombaomba katika mji wa Pavia. Asser anasema alikisikia kisa hicho kutoka kwa Alfred mwenyewe. Huenda kuna ukweli ndani yake. Lakini Alfred alikuwa mjukuu wa Egbert, na Egbert ndiye aliyefukuzwa nchini kwa ushirikiano wa Offa na Beorhtric, mume wa Eadburh. Msomaji anayekubali ushahidi huo bila kuuliza shahidi ni wa ukoo gani hajafanya kazi ya mhakiki.

Aidha, aliyekatwa kichwa alipata waandishi kuliko aliyekata. Æthelberht wa East Anglia alikuja kuheshimiwa kama mtakatifu, kanisa kuu la Hereford likaitwa kwa jina lake, na maisha yake yakaandikwa na kuandikwa tena katika karne zilizofuata. Muuaji wake aliachiwa nafasi ya jini wa hadithi.

Pingamizi

Litasemwa kwamba hoja hii inamwonea Offa. Yapo mambo mawili ya kupingia. La kwanza ni kwamba hakuwa mtu wa kuudharau usomi. Alcuin alimwandikia akimsifu kwa bidii yake ya kuhimiza elimu, akampelekea mwalimu aliyemwomba. La pili ni kwamba huenda maandishi ya Mercia yalikuwepo, yakateketea. Waviking waliivamia nchi hiyo na kumfukuza mfalme wake mwaka wa 874, na makanisa mengi yenye vitabu yalichomwa. Alfred mwenyewe, katika utangulizi wa sheria zake, anasema alichukua baadhi ya sheria kutoka kwa zile za Offa. Sheria hizo za Offa hazijapatikana kama kitabu hadi leo.

Pingamizi hizi zina nguvu, na haifai kuzipuuza. Lakini ukizifuata hadi mwisho, zinaelekea kule kule. Mwaka wa 786 wajumbe wa Papa walifika Uingereza, na amri za kanisa walizokuja nazo zikasomwa katika baraza la Offa. Taarifa yao kwa Papa inasema zilisomwa kwa Kilatini na kwa lugha ya watu, ili kila mtu aelewe. Kwa hivyo lugha ya Mercia ilikuwa na uwezo wa kubeba mambo mazito ya sheria na dini, na baraza la Offa lilijua hivyo. Ila kilichoandikwa na kutunzwa kilikuwa kile cha Kilatini. Lugha ya watu ilitamkwa siku moja, ikaachwa ukumbini.

Isitoshe, usomi ulibaki Mercia hata baada ya Waviking. Alfred alipotaka kufufua elimu katika Wessex, aliwaita wanazuoni wanne kutoka Mercia, miongoni mwao Plegmund, ambaye alikuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, na Werferth, askofu wa Worcester, aliyefasiri kitabu cha Papa Gregory kwa Kiingereza cha Kale. Yaani kalamu za Mercia ndizo zilizosaidia kuikuza sifa ya Wessex. Wino ulikuwepo nyumbani. Aliyeutia kazini ni jirani.

Dhahabu mbili

Ulinganisho mmoja unaweza kulifunga jambo hili. Offa aliahidi kupeleka Roma mancus 365 kila mwaka, moja kwa kila siku ya mwaka. Mancus ilikuwa kipimo cha dhahabu, na wapo wataalamu wanaolinasibisha neno hilo na neno la Kiarabu lenye maana ya kilichochorwa, kutoka shina lile lile lililokipa Kiswahili neno nakshi. Alfred naye alitoa mancus. Alipokwisha kukifasiri kitabu cha Papa Gregory kuhusu uchungaji, alikipeleka kwa kila askofu wa nchi yake, na kila nakala ikafuatana na kifaa chenye thamani ya mancus 50, ambacho wengi hukifasiri kuwa kijiti cha kufuatia maandishi wakati wa kusoma. Dhahabu ya Offa ilimnunulia dua Roma. Dhahabu ya Alfred ilifungamanishwa na kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya watu wake.

Alfred hakuishia hapo. Asser anasema mahakimu wasiojua kusoma waliambiwa wajifunze au waviache vyeo vyao, na wazee walioshindwa wakalazimika kusomewa vitabu na wana wao. Hapa ndipo siri ilipo. Lugha haikutukuzwa kwa hotuba ya kuisifu. Ilipewa kazi, ikapewa vitabu, na mkate wa wakubwa ukafungwa nayo. Watu waliosoma kwa lugha hiyo walisoma pia habari za yule aliyewapa vitabu, wakazinakili, na nakala zikiwa nyingi moto haumalizi zote.

Sifa ya Alfred nayo yafaa ipimwe. Cheo cha Mkuu alipewa karne nyingi baada ya kufa. Kiasi alichofasiri kwa mkono wake kinabishaniwa na wataalamu. Asser alikula mkate wake na kupokea monasteri kutoka kwake. Si kwamba Alfred alikuwa mwema na Offa mwovu. Mmoja alijiwekea daftari, mwingine hakujiwekea, au alijiwekea nakala chache mno zikapotea.

Kosa la kumkosea Offa upande wa pili nalo limewahi kufanywa. Frank Stenton, katika kitabu chake kikubwa kuhusu Waanglo-Saksoni kilichotolewa mwaka wa 1943, alimwona Offa kuwa mjenzi wa umoja wa Uingereza, akitegemea kwa sehemu hati za mwaka wa 774 zinazomwita mfalme wa Waingereza. Baadaye wachunguzi walizitilia shaka hati hizo, wakiona kwamba yaelekea ziliandikwa karne ya 10. Patrick Wormald akasisitiza kwamba kilichomsukuma Offa ni uchu wa mamlaka, wala si ndoto ya taifa moja. Mtu asiye na daftari humwachia kila mjukuu nafasi ya kumwandikia analotaka, liwe la sifa au la shutuma.

Hitimisho

Himaya ya Offa haikudumu. Kent iliasi mara tu alipofariki. Uaskofu mkuu wa Lichfield ulifutwa mwaka wa 803. Mwaka wa 825 Egbert wa Wessex, yule yule aliyewahi kuwa mkimbizi, alilishinda jeshi la Mercia huko Ellendun, na mwaka wa 829 akaitwaa Mercia yenyewe. Mwenye kuonewa alirudi na upanga, na kizazi chake kikaja na kalamu.

Kuna kinaya kimoja ambacho wanaisimu watakifurahia. Kiingereza Sanifu cha leo hakikutokana hasa na lahaja ya Wessex aliyoiandika Alfred. Mizizi yake mikuu imo katika lahaja za maeneo ya kati na mashariki, nchi za Mercia ya kale na jirani zake, jinsi Kiswahili Sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja ingawa tenzi nyingi mashuhuri ziliandikwa kwa Kiamu na Kimvita. Kumbe usemi wa raia wa Offa uliishi ukavuka bahari, ukafika hadi Kenya katika midomo ya wakoloni. Habari za mfalme wao ndizo zilizobaki nyuma. Watu wakisema, lugha huishi. Lakini lugha isipoandika, waliosema husahaulika.

Wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana mambo mawili ya kuyachukua kutoka Mercia. Mosi, wanaposoma utenzi au tarikhi yoyote, na waulize ni nani aliyelipia wino, na ni nani katika ukurasa huo aliyepewa sentensi chache kuliko nyoka. Ukimya nao ni ushahidi. Pili, wasiridhike na lugha inayosomwa kwa sauti barazani siku ya sherehe huku mambo yenyewe yakihifadhiwa kwa lugha nyingine. Kijiji, chama, shule, hata familia isiyoandika habari zake kwa lugha yake, na kuzitoa nakala za kutosha, imeshamkabidhi jirani daftari.

Offa aliinua udongo wa kilomita nyingi ili jirani asivuke. Jirani hakuhitaji kuvuka. Aliketi kwake, akachukua kalamu, akaandika.